Mteremko wa Kabula

Kabla bajaji haijamlalia mkono, Kabula Maganga alikuwa na makosa mawili makubwa machoni pa madereva wenzake wa kijiwe cha Ng'ambo: alikuwa mwanamke, na alikuwa hashindwi. La kwanza walilizoea. Walichelewa, lakini walilizoea, hasa baada ya kumwona akimshusha abiria mlevi kwa kumshika ukosi wa shati, kisha akaendelea na safari kana kwamba ameteremsha gunia la mkaa. La pili hawakulizoea kabisa, maana lilikuwa likiwauma kila jioni kwenye kibanda cha gemu cha Nestory.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, hatua chache kutoka kijiweni, kina mabenchi na televisheni mbili. Moja ilikuwa ya mpira. Nyingine ilikuwa ya lile gemu la mpiganaji anayepanda mlima, ambalo kila lango lina mnyama wake na mbele ya lango la juu linalala joka. Gemu hilo mchezaji anaweza kulipanga liwe rahisi, la wastani au gumu, na Kabula hakuwahi kucheza lingine ila gumu. Yeye ndiye aliyeokota kaa la moto uliozimika akaandika mlangoni: HAPA NGUMU TU. Mwalimu mmoja mpole aliyeitwa Silasi alipokutwa siku moja anacheza kwenye rahisi, Kabula alimpigia makofi ya kejeli akaimba, "Mteremko huo! Mwalimu anapenda mteremko!" Kibanda kizima kikaitikia. Silasi aliweka chini pedi ya kuchezea akaenda zake, na hakurudi tena.

Ajali ilimpata kwenye barabara ya Kipalapala, mchana kweupe. Mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa aliyumba mbele yake, Kabula akakata kona kumkwepa, bajaji ikaingia mtaroni na kulala ubavu juu ya mkono wake wa kushoto. Mwenye baiskeli hakuchubuka hata kidogo. Mifupa ya Kabula iliunga, lakini vidole viwili, kile cha shahada na kile cha kati, vilibaki vimekakamaa. Akivikunja vinakwenda polepole kama mlango wenye kutu, na vikifika nusu vinagoma.

Hapo ndipo wema wa watu ulipoanza kumwelemea.

Mama Adelina, mwenye bajaji, alimpa chombo kijana mwingine aitwaye Fikiri. "Pumzika, mwanangu," alimwambia Kabula. "Umetumikia vya kutosha." Mwenyekiti wa kijiwe akasema Kabula akae kwenye benchi awe anaita zamu za wenzake, kazi ya kivulini. Lugembe, mpinzani wake wa siku zote, ambaye hakuwa amewahi kumpa hata nafasi ya kupita, alianza kumletea chai. Na mama yake, Paskazia, alishuka kutoka Puge na kapu la karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akafanya kila kitu: akachota maji, akafua, akakata nyama vipande vidogo kama ya mtoto anayeota meno.

"Turudi nyumbani," mama alisema jioni moja. "Puge hakuna anayekudai kitu. Utakaa."

"Ndiyo maana sitaki, mama. Nitakaa."

Hospitalini dada mmoja wa mazoezi ya viungo alimwagiza asiviache vidole vilale. Akamue kitambaa, afinye mpira, ashike chochote. Kabula akachagua kushika pedi. Nestory alimkaribisha kwa furaha, akamfutia benchi, akamwashia gemu na kumkabidhi. Na tazama maajabu: siku ile ile Kabula alivuka lango la kwanza, kesho yake la pili. Vijana wakashangilia mno. Lugembe akapiga mluzi. Kabula alikwenda nyumbani akicheka peke yake njiani, akamwambia mama yake kwamba mkono unarudi, asubiri aone.

Lango la tatu ndilo lililomfumbua macho. Nyani mkubwa anayelilinda alimpiga rungu la kichwa, na Kabula hakufa. Akampiga la pili. Hakufa. Kabula alimjua yule nyani kuliko alivyowajua baadhi ya shemeji zake. Rungu lake moja tu lilikuwa linatosha kukurudisha mwanzo wa mlima. Sasa mnyama alikuwa anainua mkono na kungoja, kama mtu anayemwachia mgeni apite kwanza mlangoni. Kabula alisimamisha gemu, akafungua ukurasa wa mipangilio. Pameandikwa rahisi.

Aligeuka. Kibandani kulikuwa kimya ghafla, na kimya kile kikamwambia kwamba wote walijua.

"Nestory."

"Dada, nilikuonea huruma tu," Nestory alisema akikuna shingo. "Tukasema acha afurahi kidogo."

"Mlisema. Mlikaa wangapi mkasema?"

Kabula hakupiga kelele. Angekuwa na nafuu kama angepiga. Alichokiona pale, mbele ya nyani aliyeganda kwenye kioo na rungu lake juu, ni kwamba walikuwa wamemfanyia hivyo kila mahali: barabarani, kijiweni, nyumbani kwenye sahani yake ya nyama. Kila mtu alikuwa ameingia kwenye maisha yake, akashusha kila kitu, akatoka kimya kimya na kumwacha anashangilia.

Alirudisha gemu kwenye ngumu mbele ya macho yao.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri kutazama. Jioni baada ya jioni alikaa mbele ya lango la kwanza kabisa na kuuawa. Kichwa chake kilikuwa hakijasahau kitu. Alijua mnyama atarukia wapi kabla hajaruka. Lakini ngao inainuliwa kwa kitufe cha juu kushoto, kinachofinywa kwa kidole cha shahada, na kidole kilikuwa kinafika wakati maiti imeshaanguka. Akaongeza nguvu. Mkono ukavimba. Wale vijana waliokuwa wanamshangilia sasa walitazama simu zao, na hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Siku moja mama yake alimfuata huko huko. Alisimama mlangoni na khanga yake, akautazama mkono wa binti yake uliokuwa umejaa kama andazi.

"Shikamoo, mama," Nestory alisema, akiinuka haraka.

"Marahaba." Hakumtazama. "Kabula, unaumia namna hii kwa ajili ya picha?"

Njiani alimfokea kwa Kisukuma, haraka haraka, kama alivyokuwa akimfokea utotoni. Kabula hakuwa amekasirika, alikuwa anafikiri. Kule mlangoni, mama alipouliza swali lile, alikuwa amejiona kwa nje: mtu mzima anapigana na kitufe. Maana yule mnyama hakuwa anamshinda. Kilichomshinda ni kitufe, na kitufe kiliwekwa pale na mtu fulani asiyemjua, aliyedhani kila mwenye kucheza ana vidole kumi vinavyotii.

Jumapili baada ya misa kibanda kilikuwa kimefurika, wengine wamesimama. Kabula aliingia, akakaa, akachukua pedi. Lakini hakuanza kucheza. Alifungua mipangilio, akaanza kusoma kila mstari, akienda chini kabisa mahali ambapo hakuna mmoja wao aliyewahi kufika. Kiingereza chake kilikuwa cha kuunga-unga, ila kilitosha. Akaitoa ngao kushoto akaipeleka kulia. Kisha akapanda juu, akaikuta ngumu, akaishusha mpaka wastani.

"Weee!" Lugembe aliruka kwenye benchi. Chai na upole wa wiki zote vilimtoka kwa mara moja. "Mteremko! Kabula anashusha! Mmeona? Kabula wa ngumu tu!"

Kicheko kikapasua bati. Kabula aliweka pedi mapajani, akangoja kiishe.

"Umeona vizuri," alisema. "Nimeshusha. Nimeshusha mwenyewe, mchana, mbele yenu, kwa mkono huu huu mbovu. Sikushushiwa na mtu."

"Si ni kule kule tu? Rahisi ya Nestory na wastani yako vina tofauti gani?"

"Ya Nestory ilikuwa yenu. Hii ni yangu."

Lugembe alitafuta pa kumshika. Alikuwa mtu wa kujisifia ukoo wake. Hakuna abiria aliyepanda bajaji yake bila kusikia jinsi babu wa babu yake alivyokuwa mpagazi wa misafara, akabeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani kwa miguu.

"Sisi damu ya wapagazi," alisema akijipiga kifua, "hatubembelezi mzigo."

"Babu yako alibeba pembe kichwani?"

"Kichwani, ndiyo!"

"Kichwa kitupu, au aliweka ngata?"

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, safari hii si cha kumcheka Kabula.

"Alisokota ngata, kama kila mpagazi," Kabula akaendelea. "Akaikaza mwenyewe, kwa ukubwa wa kichwa chake, akatembea mpaka pwani. Kuna aliyemwambia anapenda mteremko?"

"Lakini wewe," Lugembe alisema, na sasa hakuwa anatania, "wewe ndiye uliyemfukuza mwalimu Silasi humu ndani kwa jambo hili hili."

Neno hilo lilimfika. Kabula alitazama mlangoni, kwenye herufi za mkaa zilizoanza kufifia.

"Nilimkosea," alisema. "Nikimwona nitamwambia. Sasa sogea, unaniziba kioo."

Akacheza. Msidhani alipita kama maji. Wastani ilikuwa na meno yake, na mkono wa kulia uliokuwa na kazi mpya ulichanganya vitufe, ukainua ngao pale palipotakiwa upanga. Alikufa, akaanza upya. Alikufa tena kizembe, akajitukana. Lango la kwanza likafunguka. Nyani wa lango la tatu alimla mara kadhaa kabla ya kuanguka na rungu lake. Joka lenyewe alilifikia Jumapili nyingine, akaliangusha huku jasho linamchirizika puani na hana mkono wa kulifutia.

Hakuna aliyeshangilia. Nestory alitaka, akawatazama wenzake, akanyamaza.

"Haihesabiki," Lugembe alisema.

"Sikukuomba uihesabu," Kabula alijibu, akainuka.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Dionis, fundi wa bajaji, kabla hajafungua hata sanduku la spana. Alimwambia anachotaka: klachi ilegezwe, na mkono wa klachi hiyo upindwe usogee karibu na mshikio, ili aikamate kwa vidole viwili vya mwisho, vilivyo vizima, pamoja na kiganja.

Dionis alikunja uso. "Bajaji haitengenezwi hivyo."

"Najua haitengenezwi hivyo. Nakuuliza kama inawezekana."

"Kuwezekana inawezekana. Ila dereva mwingine akiipanda ataiona ya ajabu."

"Hata mimi niliiona ya ajabu iliyokuwapo. Hakuna aliyeniuliza."

Kumshawishi Mama Adelina kulichukua muda zaidi. Yule mama alikuwa na hofu ya kweli, ya chombo chake na ya binti mwenyewe. Mwishowe alikubali jaribio: Kabula aiendeshe mpaka sokoni na kurudi, yeye mwenyewe akiwa amekaa nyuma. Kijiwe kizima kikasimama kutazama. Kabula aliwasha, akakamata klachi, akaingiza gia, akaachia. Bajaji iliruka kama chura, ikazima.

Lugembe alikuwa wa kwanza kukimbilia kusukuma.

"Usiguse!"

Akasimama, mikono hewani. Kabula aliwasha tena. Ikazima tena. Akafunga macho kidogo, akakisikiliza kiganja chake, akaachia taratibu, taratibu zaidi ya alivyowahi kuachia akiwa mzima. Bajaji ikaondoka. Walikwenda mpaka sokoni, wakapita katikati ya baiskeli, matoroli ya mahindi na akina mama wa nyanya, wakarudi. Mama Adelina alishuka akashikilia nguzo, akasema atampa asubuhi tu, mchana iwe ya Fikiri. Kabula alitaka kutwa nzima. Walibishana, na Mama Adelina hakulegea. Basi zikawa asubuhi. Kabula alizichukua, na kila mwisho wa juma alikwenda kuudai mchana, na kila mara akakataliwa, na kila mara akarudi.

Vidole havikurudi kama zamani. Yule dada wa mazoezi alimwambia pengine vitabaki hivyo, na siku za baridi vilimuuma mpaka begani.

Mama yake alipoondoka, Kabula ndiye aliyempeleka stendi ya mabasi. Paskazia alikaa nyuma amekumbatia kapu tupu, na kila gia ilipoingia alishika chuma kwa nguvu. Walipofika alishuka, akazunguka mbele, akaishika ile klachi iliyopindwa, akaijaribu kwa mkono wake mwenyewe.

"Bado nasema ungerudi nyumbani," alisema.

"Najua, mama."

"Ukichoka, Puge unapajua."

"Napajua. Salimia wote."

Kijiweni ilibaki shida moja. Madereva walikuwa bado wanamwachia abiria. Zamu yake haijafika, mtu anasema, "Mpe Kabula," na Kabula anakataa, na abiria wanabaki wamesimama kwenye jua wakishangaa watu wanaogombana kukataa pesa. Alikataa kila siku. Alikataa kwa maneno mazuri, kisha kwa mabaya.

Halafu asubuhi moja treni ya abiria iliingia imechelewa, watu wakamiminika kijiweni na mabegi, na zamu ikawa ya Kabula kwa haki kabisa. Bwana mmoja mwenye masanduku alikuwa anamjia. Lugembe alichomoka nyuma, akaichomeka bajaji yake mbele, akayanyakua masanduku, akampakia bwana yule na kuondoka kwa vumbi kuelekea stendi ya mabasi.

"Lugembe! Mwizi mkubwa wewe! Zamu yangu hiyo!"

"Wahi kesho!" Lugembe alipiga kelele bila kugeuka.

Kabula alimtukana yeye, bajaji yake na ukoo wake wote wa wapagazi, sauti ikasikika mpaka kibandani kwa Nestory. Kisha akakamata klachi, akaingiza gia, akamfuata, kwa sababu mbele ya stendi kulikuwa bado na abiria wengine, na yeye alikuwa anaijua njia fupi ya kumtangulia.