Jambazi Asiyesalimia

Kwa maoni ya Sharon, gemu ya Revocatus ilikuwa na kosa moja lisilovumilika: ukiingia ziwani, unakufa.

"Mimi nimezaliwa Nansio, kisiwani," alisema. "Naogelea tangu naota meno. Mtu wako akilowa kisigino tu, kwisha habari yake!"

Revocatus, fundi simu wa Buswelu, aliitengeneza gemu hiyo mwenyewe, chumbani kwa shangazi yake Queen aliyemlea. Ilimhusu jambazi anayezurura atakako katika mji wa mawe kando ya ziwa, akiiba pikipiki na kupambana na genge lililomsaliti. Watu waliipenda, wakaanza kudai sehemu ya pili. Ndiyo maana Jumamosi hiyo aliwaita barazani wachezaji wake wakali, Sharon na Odongo, wamshauri aongeze nini.

Odongo alitaka kifaru.

"Barabara zetu hizi, kifaru kitapita wapi?" Sharon akauliza.

"Popote. Kinabomoa."

"Kinabomoa nyumba ya nani?" Shangazi Queen alitokea na sahani ya chapati. Hakuwahi kucheza, ila alikuwa ameona ya kutosha akichungulia nyuma ya bega la Revocatus. "Na huyo kijana wenu anawapita wazee sokoni kama anapita nguzo za umeme. Hajui shikamoo?"

"Shangazi, ni jambazi," Odongo akamweleza kwa upole.

"Kwani jambazi hana shangazi?"

Shangazi akarudi ndani na sahani yake, na wote watatu wakaelewa kwamba chapati zitatoka shikamoo ikiingia.

Revocatus akaahidi. Wiki zilizofuata alimfundisha jambazi kuogelea, kisha akamwekea kitufe cha kusalimia: ukimpita mwenye mvi kimya, nguvu zinapungua. Kifaru alikiacha. Odongo alinuna, lakini siku ya majaribio alifika wa kwanza.

Shangazi Queen aliomba aanze yeye. Alishika pedi ya kuchezea kama anayeshika kuku anayetaka kutoroka. Jambazi wake alisalimia muuza samaki, akasalimia fundi cherehani, akasalimia na mti. Mara genge likamzingira, mkuu wao mbele, bastola mkononi.

"Kimbia, Shangazi!" Odongo akapiga kelele.

Shangazi akabonyeza kitufe chake.

Mkuu wa genge akashusha bastola. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Hujambo?" Akageuka na kuondoka, genge lote nyuma yake.

Sharon alicheka mpaka akakaa chini. Revocatus alikuwa amesahau kwamba mkuu huyo naye alimchora na mvi.

"Gemu imekufa!" Odongo alilia. "Adui unammaliza kwa shikamoo? Hiyo ni vita au kikao cha ukoo?"

"Ni mzee mwenye heshima zake," Shangazi akamtetea. "Mmwache hivyo hivyo."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Revocatus akaamua: mkuu ataitikia, atauliza habari za nyumbani, halafu atapiga. Akarekebisha pale pale, akampa Shangazi pedi.

Shikamoo. Marahaba. Mama hajambo? Pa!

Shangazi Queen alitazama jambazi wake akianguka. Hakuamini. "Ameuliza hali ya mama," alisema taratibu, "halafu akapiga?" Akavua kitenge cha begani, akasogeza kiti karibu na televisheni. "Rudisha mwanzo."

Aliuawa mara nyingi mno. Kila mara alisalimia kwanza, maana yeye hakulelewa ovyo. Alasiri akagundua kwamba mzee akianza kuuliza habari za nyumbani, unaweza kumsukumia ziwani kabla hajamaliza. Mkuu wa genge hakufundishwa kuogelea. Alizama akiwa bado anaulizia mavuno.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Shangazi alikuja na akina mama wanne wa kwaya, wote wakiwa na sare. Odongo alikuwa ndiyo kwanza ameshika pedi. Aliwaamkia, akasimama, akawaachia kiti na pedi.