Sista Magdalena wa Tarakea na Ngozi ya Doris

Alizaliwa Tarakea, Rombo, mwaka 1948, akabatizwa Magdalena. Mama yake alisema mtoto huyu hata mgongoni hakutulia. Alipoweka nadhiri na kusomea uuguzi, walezi walimwonya mara nyingi: chai hakumaliza, na mgonjwa alipoanza kujieleza, yeye alikuwa ameshajibu. Ndugu zangu, naandika habari za mtu wa Mungu na siwafichi kitu. Haraka hiyo nusura ivunje nyumba ya watu.

Mwaka 1987 alihudumu katika zahanati ndogo juu ya Marangu. Dominika, mke wa Leodegar, alimleta binti yake Doris, mwenye miaka minne. Ngozi ya mtoto ilikuwa kavu, imepasuka, ina magamba ya rangi ya udongo toka usoni hadi nyayoni. Sista alitupa jicho moja tu. "Upele," akasema mbele ya foleni nzima. "Mama, mwogeshe mtoto! Na mtenge na wenzake, huu unaambukiza." Dominika alitaka kusema kwamba mtoto alizaliwa hivyo, hakupewa nafasi. Dawa ya upele aliyompa ilimuunguza Doris, akalia hadi sauti ikamkauka. Na lile neno "unaambukiza" likafika nyumbani kabla ya Dominika mwenyewe. Baba mkwe wake, Mzee Sirili, akakata shauri: kahawa ikishavunwa, mke huyo arudi kwao na mtoto wake.

Sista aliposikia, amani ilimtoka. Akapanda hadi kwa Dominika, na safari hii akauliza, kisha akauma ulimi asubiri jibu. Kuna mwingine nyumbani anayejikuna? Hakuna. Yalianza lini? Mtoto alizaliwa amefunikwa utando mwembamba unaong'aa, ukapasuka. Na jua likiwaka? Hatoki jasho, mwili wote unachemka. Sista akamfumba mtoto macho, akamgusa kwa pamba. Doris alihisi kila mguso, basi si ukoma, ambao huitia ngozi ganzi. Akawapeleka kwa daktari wa ngozi mjini Moshi, naye akathibitisha: ugonjwa adimu wa magamba, mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili ingawa ngozi zao ni safi. Hauambukizi, wala hauponi. Unatunzwa kila siku: kumloweka katika maji ya uvuguvugu, kumpaka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu, kumkinga na joto. Mafuta ya mgando yalikuwa ya shida madukani siku zile, hivyo Sista akawafuata akina mama wa Tarakea waliovusha bidhaa kutoka Kenya. Padre wa parokia alinuna, maana hayo yalikuwa magendo. Yeye akaenda.

Lakini kahawa ilikuwa imeshavunwa. Jumapili moja wazee wa ukoo wamekaa wakinywa mbege, pombe yao ya ndizi, Sista akaingia uani na jani la isale, ambalo Mchagga akiletewa hana njia ya kukataa kusamehe. Wote walidhani ni la Sirili. Akampita, akapiga magoti mbele ya Dominika.

"Sista, isale huletwa kwa wazee," Sirili akasema, "si kwa mke wa mtu."

"Shikamoo, mzee. Niliyemkosea ni huyu. Nilisema mtoto wake anaambukiza, kumbe nilikuwa sijui. Ugonjwa umetoka kwake na kwa Leodegar, sawa kwa sawa. Mkimfukuza, mfukuzeni na mwanenu."

Dominika alilipokea jani. Sirili akauliza hayo mafuta ya mtoto yanapakwaje. Dominika hakuondoka.

Wapo wanaotaka niandike kwamba magamba yalidondoka. Hayakudondoka, na muujiza wa uongo siutaki. Ninachokijua ni kwamba baada ya hapo wazazi walileta watoto wao kutoka Rombo na Rau, na Sista aliwasikiliza hadi mwisho, mguu wake ukigongagonga chini ya meza.

Agosti 2004 saratani ilimlaza. Ngozi ilimkauka, akawa anageuka huku na huku bila kupata nafuu, akamwomba Doris aje ampake mafuta. Sista mmoja kijana alimwona binti yule mlangoni, akamletea glovu avae. "Mwacheni anishike," Magdalena akasema. Doris alimpaka taratibu, toka nyayo hadi mabegani, kwa mikono mitupu, na mgonjwa akalala. Alifariki kesho yake.

Nasi tunaomkumbuka katika sala tumuige: tukimwaibisha mtu mbele za watu, tusimwombe radhi faraghani.