Kiberiti cha Mwezi wa Tano

Kwetu Lushoto moto ni adui. Mtoto akionekana na kiberiti karibu na msitu anachapwa kwanza, maswali yanakuja baadaye. Nilipohamishiwa Kibondo kuwa ofisa misitu nilikuja na hasira hiyo ya nyumbani, na kwa miezi ya kwanza niliiona kama sehemu ya elimu yangu.

Msitu niliokabidhiwa ulikuwa wa kijiji, msitu wa miombo. Kwa macho ya mtu wa Usambara haukustahili hata kuitwa msitu: nyasi za kufika kiunoni, vichaka, na visiki kila mahali, maana miaka ya nyuma ulikatwa sana kwa kuni na mkaa. Lakini miti ya miombo ni migumu kufa. Ukikata shina, mizizi inabaki hai chini, na kisiki kinatoa machipukizi manne, matano, mekundu kama shaba mvua zikikaribia. Kazi yangu ilikuwa kuyalinda mpaka yapite kimo cha mtu, kwa sababu yakishavuka hapo moto hauyawezi kirahisi. Kazi hiyo nilikuwa naijua. Nasema hili mapema ili msomaji asinionee huruma bure.

Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa tano, niliona moshi upande wa bondeni. Nikapanda pikipiki. Nilimkuta mfugaji nyuki mmoja wa kijijini, mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye maneno mengi na koti la mvua la njano alilolivaa masika na kiangazi. Alikuwa anatembea kando ya moto wa kimo cha goti, tawi bichi mkononi, kama mtu anayeswaga mbuzi wake nyumbani.

"Mwakeye, Bibi Misitu," akanisalimia kwa Kiha, bila wasiwasi wowote.

Sikuitikia. Nilimnyang'anya kiberiti, nikampeleka mpaka ofisi ya kijiji. Kwa bahati yake mbaya, au yangu, siku hiyo kulikuwa na mkutano wa hadhara. Nikamsimamisha mbele ya watu wazima wenzake, wakwe zake wakiwemo, nikasema huyu ndiye anayewakaushia visima.

Akaomba kujibu. "Bibi Misitu, nyasi sasa hivi zina maji. Moto wa mwezi huu unalamba tu, jioni umande unauzima. Tukiziacha mpaka mwezi wa tisa zitakuwa zimekauka kabisa, moto utapanda juu, na vichipukizi vyako vyote kwisha. Halafu mizinga yangu imo humo humo. Mtu anachoma nyumba yake?"

Watu wakacheka.

Chuoni niliwahi kujibu swali hilo hilo kwenye mtihani. Uchomaji wa mapema: faida zake, wakati wake, namna ya kuupanga kwa vipande. Nilipata alama nzuri. Alipofika sentensi ya pili nilishajua kwamba anasema kweli, na nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa kusema, "Ndugu zangu, tukae tulipange hili." Lakini kicheko kile nilikisikia kama kimenipiga mimi, mwanamke, mgeni, nisiyejua Kiha. Nikasema sheria haichekwi. Nikapiga marufuku moto wowote msituni, mwezi wowote, na mwenyekiti akaandika. Kiberiti nikakitia kwenye droo ya meza yangu.

Moto wa mwezi wa tisa hakuna aliyejua umetoka wapi. Uliingia mchana, upepo uko nyuma yake, na nyasi zile ambazo hazikuchomwa zilikuwa zimekauka na kusimama wima zikiungojea. Tulipiga kwa matawi mpaka mikono ikachubuka. Kesho yake nilipanda kuangalia. Machipukizi yaliyokuwa yamenifika kifuani yalikuwa vijiti vyeusi. Mizinga ya magome ilikuwa imeanguka, nta imeyeyuka na kuingia kwenye majivu. Yeye alikuwa amesimama pale na koti lake, akigeuza mzinga mmoja kwa mguu. Nilimngojea aseme neno la mwezi wa tano. Nilikuwa nimeshaandaa ukali wa kumjibu.

"Pole, Bibi Misitu," akasema. "Kazi yako imeungua."

Nilirudi ofisini nikaandika taarifa. Mahali pa chanzo cha moto niliandika kwamba inadhaniwa ni warina asali. Hakuna aliyedhani isipokuwa mimi, na mimi mwenyewe sikudhani. Niliandika hivyo kwa sababu sentensi ya kweli ingebidi iwe na maneno "katazo langu" ndani yake.

Taarifa ilisomwa, na halmashauri ya kijiji ikaamua wafugaji nyuki wasiingie msituni mpaka kila mmoja apate barua yangu ya kumruhusu. Yeye alikuja wa kwanza, na ombi lililoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Alikuwa ameshatengeneza mizinga mipya, ikapangwa ukutani kwake mitupu. Nyuki hawamsubiri mtu. Maua ya miombo yakipita bila mizinga kutundikwa, asali ya mwaka huo imepita, na yeye na mkewe waliishi kwa asali. Nikamwambia arudi wiki ijayo. Akarudi. Nikamwambia wiki ijayo. Kusaini kungekuwa kukiri kwamba si yeye, na kama si yeye, watu wangeuliza ni nani. Maua yakaja, yakapita.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, niliwapanga wanakijiji kwa mistari na matawi mabichi, tukachoma mapema, kipande kwa kipande, jinsi yule mfugaji nyuki alivyokuwa akifanya peke yake. Niliuita mpango mpya. Mwezi wa tisa moto ukaja tena, ukafika kwenye vipande vilivyoungua, ukakosa cha kula ukafa. Visiki vilikuwa vimechipua upya vyenyewe, havikumngoja ofisa. Bosi wangu akafurahi, nikaitwa Kasulu kwenye semina kuwaeleza wenzangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda mpaka Kasulu kwa gari la ofisi.

Kila mtoa mada alitakiwa kuja na mwananchi mmoja. Mwenyekiti wa kijiji alimchagua yeye, eti kwa sababu anajua kuongea. Nilionyesha picha za kabla na baada, nikasema "tulibuni", nikapigiwa makofi. Kisha mshereheshaji akamwita mwananchi atoe neno. Alisimama na koti la njano, soda mkononi. Nikajiambia, leo ndiyo leo. Na niseme kweli, sehemu yangu moja ilitamani ayaseme yote, nimalizane nayo.

"Mimi ni mfugaji nyuki," alianza. "Zamani sisi kule tulikuwa tunachoma ovyo tu, hatujui wakati. Bibi Misitu ndiye aliyetufundisha moto wa mwezi wa tano. Tunamshukuru sana."

Makofi. Akakaa, akaiangalia soda yake. Ombi lake la mwaka wa pili lilikuwa mezani kwangu Kibondo, halijasainiwa, na maua yalikuwa karibu. Ukumbi mzima watu wawili tu ndio tuliojua alichokuwa anakilipia. Kipaza sauti kilikuwa mbele yangu. Ningenyoosha mkono tu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada ya hapo, na mkono haukwenda. Njiani kurudi alikaa kiti cha nyuma akalala, au alifumba macho.

Asubuhi nilisaini barua kabla ya chai. Nilifungua droo, nikatoa kiberiti chake, nikakiweka juu ya barua. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, hata nimeyafanyia mazoezi. Lakini hakuja yeye, alikuja mkewe, mwanamke mpole aliyekuwa hajawahi kufika ofisini kwangu. Alipiga goti kidogo kunisalimia, akaichukua barua kwa mikono miwili, akaikunja. Kiberiti alikisogeza pembeni kwa kidole, akakiacha mezani.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Bibi Misitu, mume wangu anauliza kama kuna kikao kingine anachotakiwa kwenda kusema."

Nikamwambia hapana, hakuna. Akashukuru, akaenda zake.