Vanila Iliyochanua Sabato

Jirani yangu, karani wa kituo cha majani chai huku Itumbe, aling'oa migomba ili apande vanila, mmea wa kutambaa ambao mkewe huuita "nyasi za mzee". Kila asubuhi huugusa kwa kidole kimoja, kama anayepima homa ya mtoto. Mwaka huu ulitoa ua la kwanza, moja tu, likachanua Jumamosi. Ua hilo hunyauka adhuhuri, na lisipochavushwa kwa mkono halizai. Yeye ni Msabato. Alinijia amefunga tai.

"Wewe Mkatoliki, leo uko na kazi?"

"Unaniomba nikusaidie?"

"Siku ya Sabato? Hapana. Nakwambia tu limechanua. Kijiti cha kuchavushia nilichonga jana."

Nilipoanza kulichavusha, alikuwa bado langoni, Biblia kwapani.

"Polepole, bwana! Inua huo utando wa ndani ya ua kwanza!"

Kuelekeza kumbe si kazi.