Siku Wazee wa Nyarero Walipomsimamisha Mwalimu Hamza

Mpaka sasa nimegoma kuamini. Ijumaa tumekunywa naye chai staff room, Jumamosi presha imemwondoa. Hamza, jirani yangu, mwalimu wetu wa fizikia. Tumemsafirisha kwenda kuzikwa kwao Newala.

Wengi humu mlimjua kwa utani wake. Mimi namkumbuka kwa siku moja.

Alitaka Form Six waelewe jinsi chembe nzito yenye chaji inavyopoteza nguvu ikipita kwenye plazma, ile gesi yenye joto kali mpaka elektroni zimeachana na viini vyake. Lab hatuna kifaa cha kuonyesha hayo. Akawatoa uwanjani.

Wanafunzi wakawa elektroni, wepesi, wanakimbia ovyo na kelele juu. Yeye na lile tumbo lake akawa chembe nzito, akakatiza katikati yao mbio. Kila mmoja anamgonga kidogo. Hapindi, ila kasi inapungua.

"Ongezeni joto! Kimbieni zaidi!" Wakaongeza, na kweli akapita kirahisi, maana walikuwa wanampita kabla hawajamsukuma vizuri.

Jamani, mtu wa Newala angejuaje? Huku kwetu Nyarero, Tarime, watu wakikimbia na kupiga yowe, ujue ng'ombe wameibwa. Wazee wakafika na fimbo na pinde, wanahema!

"Mura, ng'ombe za nani?" akauliza Mzee Mwita aliyewatangulia; mura ndiyo kijana kwa Kikurya.

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Hamza akasema, "Shikamooni wazee wangu," akaomba radhi, halafu bila hata aibu akawaomba wasimame uwanjani wawe viini. Wakacheka, wakakubali!

Akaanza upya. Elektroni zikampunguza taratibu. Alipoishiwa kasi ndipo wazee wakamweza, bega moja la Mzee Mwita likamkalisha chini.

"Sasa zile mbio zako zimeenda wapi, mwalimu?"

"Hazijapotea, mzee. Waangalie wanavyotoka jasho. Nyote mmepata joto kwangu."

Tangu msiba, hofu yangu ni Form Six. Mtihani uko karibu na hatuna mwalimu mwingine wa fizikia. Bhoke, binti aliyekuwa anautaka uinjinia kufa na kupona, alinifuata akaniambia, "Madam, mimi fizikia naacha." Nami ningemsaidiaje? Mimi nafundisha Kiswahili.

Leo jioni nikasikia kelele uwanjani, nikatoka. Form Five wanakimbia, Form Six wanawaelekeza, na anayekatiza katikati ni Bhoke.

Mzee Mwita naye alikuja, safari hii mikono mitupu. Hakuuliza habari za ng'ombe. Alikwenda akasimama palepale Hamza alipomweka siku ile.

Nimelia, Hamza. Umesimama mapema mno, kaka yangu, na inaniuma. Lakini watoto wako wanatoka jasho, nimewaona kwa macho yangu.

Lala pema huko Newala. Huku bado tunakimbia.