Ukuta Wenye Enya

Sufuria iliyopikiwa enya, ule ugali wetu wa muhogo, ukiitia maji na kuiacha mpaka asubuhi hutoa harufu chachu isiyosahaulika. Wengine hukunja pua. Mimi hutabasamu, maana harufu hiyo hunirudisha kwenye nyumba moja kuukuu juu ya Arua Hill, siku nilipokuwa na miaka tisa na mama yangu akamfundisha baba yangu kazi yake mwenyewe.

Baba alikuwa fundi wa rangi. Alitoka upande wa Kongo, akaoa kwa watu wa Logiri, akatuweka kijijini Pajulu, na miaka ile ya sabini hakuna aliyempita kwa kupaka milango ya maduka. Kazi ya kupaka nyumba ya serikali ndiyo hakuwahi kuipata. Alipopewa ile moja, akaambiwa ikipendeza atapewa na nyingine zote za mlimani, alizunguka Pajulu nzima akitangaza. Nadhani hata mbuzi wetu walipata habari.

Kuta za ndani zilikuwa zimebandikwa karatasi za maua, waridi zilizofifia rangi ya chai. Baba alizilowesha, akazibandua kwa kisu kipana, nami nikakusanya vipande vyenye waridi nzima nikavificha ndani ya gauni. Ukuta uliobaki ulionekana safi kabisa. Akaupiga msasa kidogo, akapaka chumba cha kwanza rangi nyeupe, tukashuka mlima akiimba.

Asubuhi tulikuta rangi imepasuka na kujikunja magamba matupu. Baba akailaumu rangi. Akaikwangua, akasugua kwa msasa mpaka vumbi likamtia mvi, akapaka upya. Ikajikunja tena. Zilikuwa zimebaki siku tano mkaguzi wa serikali aje kuitazama kazi, na safari hii tulishuka mlima kimya. Niliogopa. Nilijua kwamba akishindwa hapa, Pajulu nzima iliyosikia majigambo yake itasikia na hili.

Siku iliyofuata Mama alituletea chakula. Sasa jueni kwamba kwetu kukandika nyumba ni kazi ya wanawake. Kila Krismasi ikikaribia Mama alisiliba kuta zetu kwa udongo na samadi, kwa viganja vitupu, na majirani walikuja kumwomba awafanyie na wao. Aliweka bakuli chini, akalowesha kiganja, akakibandika ukutani, kisha akakivuta polepole. Kilinata. Akakinusa.

"Baba Driciru," akasema, akimwita kwa jina langu, "hii ukuta iko na enya."

Baba hakugeuka. "Udongo iko kazi yako. Rangi iko kazi yangu. Hakuna mutu nafundisha mimi ukuta."

"Sawa. Lakini sufuria ya enya, wewe nasugua kavu?"

Mimi nilicheka, Baba akanikata jicho. Lakini Mama alikuwa amesema kweli: waliobandika zile karatasi zamani walipika uji mzito wa muhogo wakaufanya gundi, na gundi ile ilikuwa bado imeganda ukutani, nyembamba, haionekani kwa macho. Msasa uliilainisha tu, na rangi iliyopakwa juu yake haikushika. Baba akaweka brashi chini, akaenda kuwasha moto wa kuchemsha maji.

Siku mbili tulisugua kwa maji ya moto na madodoki, tukasuuza, tukasugua tena. Maji yalitiririka meupe, na nyumba nzima ikanuka sufuria iliyolala. Mama alipita na kiganja chake, ukuta baada ya ukuta. "Bado," alisema. "Bado." Alipofika mahali kiganja kikateleza bila kushika, alisema, "Hapa imeisha," na Baba akaitikia, "Haya, mama." Tukaacha kuta zikauke, Baba akaziba nyufa kwa plasta, akapiga msasa, akapaka. Asubuhi rangi ilikuwa imetulia, laini kama ganda la yai.

Mkaguzi alikuja na wenzake wawili. Alipitisha kidole ukutani, akauliza, "Fundi, nani natengeneza hii ukuta?"

"Rangi iko yangu," Baba akajibu. "Ukuta iko ya bibi yangu. Yeye nafundisha mimi."

Wale wawili wakaangua kicheko. Mwanamume mzima, fundi, kufundishwa na mkewe! Baba hakucheka wala hakujitetea. Akarudia, kwa sauti zaidi, "Yeye nafundisha mimi."

Nyumba zilizofuata alipewa, na Mama alitangulia katika kila moja na kiganja chake. Nilijivunia mama yangu mpaka nikawachosha wenzangu shuleni. Baba nilimhurumia, nikidhani siku ile alikuwa ameaibika. Ilinibidi niolewe, nikae miaka mingi na wanaume wanaopenda kushinda kuliko kujua, ndipo nikasikia upya lile neno alilolirudia kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakimcheka. Siku ile nilikuwa na wazazi wawili wa kujivunia, nami nilijivunia mmoja tu.