Fundi Dalmira na sauti ya Mama Petrona

Saa tatu asubuhi jua la Atamisqui, mji mdogo wa kaskazini mwa Argentina, limeshakuwa kali, na Dalmira Ibáñez ameinamia kompyuta mpakato iliyogoma. Kioo ni cheusi. Juu kushoto kuna mstari mmoja wa herufi na alama ndogo inayopepesa, ikingoja amri.

"Nani kaigusa mara ya mwisho?" anauliza.

Fermín Luna, dereva wa trekta, anaitazama kofia yake. Mama mkwe wake, Petrona Salvatierra, anamnyooshea kidole bila kusema neno. Hasemi kwa sababu hawezi. Mwaka jana alipasuliwa koo, na mwanamke aliyekuwa akipiga soga hata na mbuzi wake sasa huandika kwenye daftari analoning'iniza shingoni.

Ndani ya kompyuta hii mna vipindi arobaini na viwili alivyorekodi kwa ajili ya redio ya mji, vitendawili na hadithi kwa Kikechua, lugha ya asili ya nyumbani kwao. Redio ilikuwa ikirusha na kufuta. Sauti yake iliyobaki duniani imo humu tu.

Kompyuta ina mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, kila mmoja na sehemu yake ya diski. Ukiiwasha, menyu inakuuliza unataka upi. Petrona hurekodi upande wa Linux, Fermín huangalia mpira upande wa Windows. Tatizo ni kwamba Windows haijui kusoma sehemu ya mwenzake. Huiona kama eneo lisilo na jina.

"Nikaona eneo kubwa limekaa bure," Fermín anajitetea. "Nikasema ngoja nilifute, niweke mechi zangu. Kuwasha tena, ndo hivyo."

Petrona anaandika, kisha anamwonyesha fundi: «Kichwa chake nacho ni eneo kubwa limekaa bure.»

Dalmira anacheka mpaka anaweka chini kibuyu chake cha chai ya yerba.

"Ulipokwisha kufuta ukafanya nini?"

"Ningefanya nini, dada? Si imegoma!"

"Basi shukuru Mungu imegoma. Ingewaka, saa hizi ungeshamfunika mama mkwe wako kwa mpira."

Na ni kweli. Fermín alikuwa amefuta mipaka ya sehemu hiyo tu, vilivyomo vilikuwa bado mahali pake. Lakini menyu ya kuwashia ilitegemea sehemu ile ile aliyoifuta, kwa hiyo mashine ikakwama kabla hajaandika kitu juu yake. Hapo uharibifu ndio uliokuwa mlinzi.

Dalmira, mwenye umri wa miaka 49, hakuusomea ufundi. Alikuwa mfagiaji wa shule, enzi kompyuta za wanafunzi zenye mifumo miwili zilipokuwa zikirundikana kabatini. Mara moja kwa mwezi fundi aliyeitwa Nicasio Taboada alikuja kuzitengeneza.

"Alinikuta nimeegemea ufagio, nachungulia," anakumbuka. "Mwingine angenifukuza. Yeye akanivutia kiti. Hakuna siku nawasha mashine bila kumwombea yule baba."

Bei yake huihesabu kwa nyama, maana thamani ya peso haikai mahali pamoja: kutengeneza kompyuta moja ni thamani ya kilo mbili. Asiye nacho huleta jibini la mbuzi. "Miaka kumi na moja sijalala njaa," anasema. "Nilalamike nini?"

Saa saba mchana mji unafunga milango na kulala. Kubisha hodi kwa mtu saa hizo ni kutafuta kununiwa mwezi mzima, na Dalmira mwenyewe hajawahi kufanya kazi wakati huo. Lakini programu ya kutafuta mipaka iliyopotea, anayoiendesha kutoka kwenye flashi, imefika asilimia sitini.

"Nendeni mkapumzike," anawaambia.

Fermín ameshasimama. Petrona anaandika: «Mwambie aende. Mimi sitoki hapa.» Fermín anasoma, anakaa tena.

Saa tisa kasorobo mipaka inaonekana. Fermín anapiga makofi, lakini Dalmira anamzuia. Kwanza ananakili rekodi zote kwenye diski nyingine. "Nyumba ikiungua unatoa watu, kuta baadaye," anasema. Ndipo anarudisha mipaka, anatengeneza menyu, anamwachia Petrona kiti.

"Mama, washa mwenyewe."

Menyu inatokea, mistari miwili, sekunde kumi za kuchagua. Fermín ananyoosha mkono kusaidia na kupigwa kofi vidoleni. Petrona anashuka hadi mstari wa pili, anabonyeza, anafungua kipindi cha kwanza.

Sauti inatoka, ya haraka, yenye kicheko ndani yake, ikitega kitendawili bila kumpa mtu nafasi ya kujibu. Midomo ya Petrona inaifuata. Fermín analia waziwazi, na fundi naye.

Dalmira anajifuta machozi na kumweleza mwandishi wa habari hii mpango wake: kila Jumamosi atawafundisha wanawake wa mji kuwasha mashine zao wenyewe na kuweka nakala, bila malipo, kama alivyofundishwa yeye. Mwanafunzi wa kwanza ameshapatikana, Petrona mwenyewe. "Namshukuru Mungu, namshukuru Nicasio, namshukuru na huyu mama kwa kunia…"

Kofi linatua mezani; kipindi bado kinacheza. Petrona ameinua daftari juu, wote walione:

«Nyamazeni. Naongea.»